Jaketi la Kushukia Ziwani

Huku kwetu Mkumbi, milimani, mtu akisikia jaketi anafikiri baridi. Siwalaumu. Mwezi wa sita na wa saba ukiamka asubuhi mikono haishiki jembe, na mtoto akikohoa anaulizwa kwanza alivaa nini. Vijana wa bodaboda nao wanafikiri hivyo hivyo. Wanavaa majaketi mazito ya mitumba, yale yaliyojaa kama mito ya kulalia, tena wanayageuza mgongo ukae kifuani ili upepo usipite kwenye zipu. Wakishuka ziwani wakakutana na lile joto, wanavua. Jaketi linafungwa kwenye tangi, dereva anaendelea na singlendi.

Mjukuu wangu alikuwa mmoja wao. Nilimlea mimi, maana binti yangu aliyemzaa alifariki mtoto hajaota meno. Alipokuwa mtu mzima alipata pikipiki kutokana na kahawa yake mwenyewe, akawa anashusha maharage na abiria mpaka Mbaha ziwani, anapandisha dagaa na abiria. Siku moja aliteleza kwenye mchanga kule chini. Alirudi ngozi ya mkono na bega imebanduka kama ganda la muhogo uliochemshwa. Jaketi lake lilikuwa zima, halina hata mkwaruzo, limekaa kwenye tangi. Nilimwosha kwa maji ya chumvi, naye ameuma shati asipige kelele. Nikamwambia akipona tutakwenda wote Mbinga sokoni, na jaketi nitachagua mimi. Akasema, "Bibi, wewe pikipiki hata kuipanda unaogopa." Nikamjibu kwamba ndiyo maana.

Alipopona tukaenda. Kwenye mitumba alikimbilia jaketi jeusi linalong'aa kama ngozi. Alilivaa, akajitazama kwenye kioo cha muuzaji, akageuka huku, akageuka kule. Kweli lilimpendeza. Muuzaji akasema, bibi yangu, mtoto amekuwa mkuu wa wilaya. Mimi sikubishana nao. Nilimwambia mjukuu asimame nalo juani, zipu imefungwa mpaka shingoni, nami nikaenda kununua chumvi. Niliporudi zipu ilikuwa tumboni na jasho linamtiririka. Na hapo ni Mbinga, si ziwani.

"Umeshalivua," nilimwambia. "Mbaha utalifunga kwenye tangi. Tuangalie lingine."

Tulichambua mpaka chini ya lile rundo. Huko nikakuta jaketi la kijivu, kitambaa chake kina vitundu vitundu kama wavu. Nililiweka mdomoni nikapuliza, pumzi ikatoka upande wa pili. Lakini kwenye viwiko na mabega lilikuwa na vipande vigumu vilivyoshonewa ndani, na mgongoni kipande kirefu kama gamba la kobe. Ndani lilikuwa na bitana ya kutoa na kurudisha kwa zipu. Nikaelewa aliyelishona alikuwa anamfikiria mtu wa sehemu mbili kama sisi. Ukishuka unatoa bitana, ukipanda unairudisha, na jaketi lenyewe linabaki mwilini.

Muuzaji akacheka. Akasema hilo watu wananunua kwa ajili ya zipu zake tu. Sikumsikiliza. Nilimvalisha mjukuu, nikamwambia akunje mikono kama ameshika usukani, nikavuta mikono ya jaketi nione kama vile vipande vigumu vitahama. Havikuhama, vilikaa juu ya kiwiko hasa. Nikavuta mishono kwa nguvu. Ilikuwa imepigwa mara mbili.

"Bibi, kijiweni watanicheka," alisema. "Watasema nimevaa wavu wa dagaa."

"Wakucheke ukiwa mzima."

Walimcheka kweli. Alikuwa anakuja kunihadithia, anawaigiza sauti zao, mpaka nami nacheka. Kijiwe kizima walimuuliza ameshika samaki wangapi. Lakini hakulivua. Nilikuwa nampima kwa vumbi. Akirudi mikono safi, shingo tu ndiyo nyekundu, najua jaketi limekwenda naye mpaka ziwani na kurudi.

Siku aliyofariki alikuwa anapanda kutoka Mbaha amembeba bibi mmoja wa kule, aliyekuwa anakuja Mbinga kumwona mjukuu wake aliyejifungua. Yule bibi alitoka nyumbani na kitenge na blauzi nyepesi, kama wanavyovaa watu wa ziwani. Milimani mvua ikawanyeshea. Kadiri walivyopanda akaanza kutetemeka mpaka pikipiki inayumba. Mjukuu wangu akasimama, akavua jaketi lile, bitana iko ndani yake, akamvalisha, akamfungia zipu. Yeye akabaki na shati. Mbele kidogo kwenye kona maji yalikuwa yameleta kokoto barabarani. Gurudumu la mbele likaondoka. Yule bibi aliangukia kwenye majani, jaketi likachanika kiwiko, mfupa wake ukabaki salama. Mjukuu wangu alipiga mgongo kwenye jiwe la kalavati. Kofia yake ngumu haikupata hata ufa. Alifikishwa hospitali anaongea, halafu akaacha kuongea.

Msibani watu walisema sana. Mdogo wangu wa kiume alisema, si angetoa bitana akampa, na jaketi akabaki nalo mwenyewe? Bitana ingetosha kwa baridi. Ni kweli, ingetosha. Usiku na mchana nimeifikiria hiyo bitana. Lakini mtoto yule nilimlea mimi. Kwangu firigisi ya kuku anapewa mkubwa, kigoda anapishwa mkubwa, na mgeni hapewi cha ndani wewe ukabaki na cha nje. Angetoaje bitana? Hayo nilimjibu mdogo wangu.

Tulikuwa tumeshazika, wageni wa mbali wameondoka, ndipo yule bibi akaja. Aliletwa na bodaboda wa kule kwao. Alisimama pale kahawa inapoanzia, hasogei uani. Shavu lake bado lilikuwa na kidonda. Mikononi ameshika lile jaketi, limefuliwa, na kiwiko kilichochanika amekishona kwa uzi wa nyavu. Wanawake waliokuwa nami mkekani wakageuka. Mmoja akanong'ona kwamba ndiye huyo aliyevishwa.

Nilimwendea. Kwa kumtazama tu alikuwa amenizidi miaka mingi. Lakini alipiga goti, akaniambia, "Shikamoo."

Sikuiitikia. Shikamoo ya mkubwa wangu nitaiitikiaje? Nilimshika mkono nikamwinua, nikamwamkia mimi. Akaanza kulia. Akasema alimkatalia yule kijana, alimwambia mwanangu mimi nitavumilia. Kijana akamjibu kwamba naye ana bibi nyumbani, na huyo bibi akisikia amemwacha mtu mzima anatetemeka, hatampa ugali.

 Nikamuuliza, "Ulikuwa unasikia baridi?"

"Nilikuwa nasikia."

"Alipokuvalisha, iliisha?"

Alinitazama, nafikiri alidhani namsuta. "Iliisha," alisema.

"Basi njoo ukae."

Nilimkalisha kwenye mkeka, upande wangu mimi, si wa majirani. Alikula nasi. Hakuna aliyenong'ona tena.

Alipotaka kuondoka, jua lilikuwa limeanza kushuka na upepo wetu umeamka. Kijana aliyemleta alikuwa anamsubiri na shati tu, kama watu wa ziwani, hana hata jaketi la kufunga kwenye tangi. Nikachukua lile la wavu nikampelekea. Nilimwambia avae, akunje mikono. Vile vipande vilikaa kwenye viwiko. Alijua ni la nani, macho yake yalionyesha, lakini hakukataa.

Halafu akauliza taratibu, "Bibi, na huyu njiani akisikia baridi?"

 Kumwambia asimjali nisingeweza. Nikaingia ndani, nikatoa blanketi kitandani kwangu, lile ninalojifunika, nikamzungushia yule bibi mabegani, akapanda, nikalichomekea pembeni mwa kiti cha pikipiki lisije likaingia kwenye gurudumu.

"Huyu ameshavaa," nilimwambia kijana. "Wewe usivue."

Akaitikia, "Ndiyo, bibi," kama alivyokuwa anaitikia yule wangu.