Kilio cha Ofisi ya Uhamisho

Kijiji alichozaliwa Anli hakipo tena. Kilikuwa kando ya ghuba, kusini mwa mji wa Palma, mpaka gesi ilipogunduliwa baharini na watu wakahamishiwa kwenye nyumba mpya za saruji, mbali na maji. Mahali pa kijiji pakazungushiwa uzio, na ndani yake zikajengwa ofisi. Anli alikuwa amesomea kompyuta mji wa Pemba, pwani hiyo hiyo, basi akapata kazi humo humo, ya kupokea simu za watu walioshindwa na mashine zao.

Simu zenyewe zilimtesa. "Anli, haifanyi kazi." Nini? "Hii hapa." Mwingine alisema mtandao umemkasirikia. Bwana Lázaro, mkubwa wa ghala, alilalamika kwamba kuna maneno yametokea kwenye kioo. Anli akauliza yalisemaje. "Nimeshayaondoa. Yalikuwa marefu." Kuna siku alirudi nyumbani kichwa kinamgonga, akiwaonea huruma waganga wanaoletewa mgonjwa asiyejua hata panapomuuma.

Ndipo akapiga simu Verónica, karani wa ofisi ya uhamisho, dada wa Kimakonde kutoka Mueda, mtu mpole asiyependa kusumbua watu.

"Kaka Anli, kompyuta yangu inalia."

"Inalia vipi? Mlio mmoja mrefu, au mifupi mifupi?"

"Inalia tu."

"Dada, mlio ndio unaonionyesha ugonjwa. Izime, uiwashe tena, unisikilizie."

"Siiwashi. Nikiiwasha ndiyo inaanza."

Anli akaenda amenuna. Aliifungua, akapuliza vumbi, akabadilisha kadi ya RAM, akaiwasha. Kimya. Aliridhika, akaizima. Wakati wa kutoka akaona waya wa spika umechomolewa, akauchomeka, akaenda zake.

Kesho yake asubuhi alimkuta Verónica amesimama nje ya mlango wa ofisi, mkoba bado begani. "Imelia tena," alisema, na hakukubali kuingia.

Anli akaingia peke yake, akabonyeza kitufe. Kioo kikawaka, na kutoka kwenye spika akasikia mwanamke analia. Hakupiga mayowe. Alilia taratibu kama anayebembeleza mtoto, na katikati ya kilio akawa anasema, "Haya, baba, wanakuja kukutoa. Usiogope, wanakuja." Nyuma yake majembe yalikuwa yakigonga mchanga.

Anli alijua ni siku gani hiyo. Ni siku makaburi ya kijiji yalipofukuliwa ili maiti wahamishwe pamoja na walio hai. Yeye alikuwa Pemba masomoni. Watu wa ofisi walirekodi kazi nzima, na mmoja wao akaiacha mashine hiyo ikifungua sauti ile kila inapowashwa. Kuirekebisha ilikuwa kazi ndogo kabisa, lakini hakuigusa mpaka sauti ilipokwisha.

"Mbona hukuniambia kuwa ni mtu?" alimuuliza Verónica alipotoka.

"Ningekwambiaje? Ungesema nimerukwa na akili."

Aliinakili sauti kwenye simu yake. Moyo ulimwambia ni bibi yake, Mwajuma, aliyefariki mvua za kwanza tu baada ya kuhama. Aliisikiliza wakati wa chakula, akaisikiliza nyuma ya pikipiki barabarani, na ikafika mahali akawa anaisikia hata simu ikiwa imezimwa. Ijumaa akampelekea mama yake, Laila, ambaye alikuwa uani anakuna nazi.

Mama alisikiliza mpaka mwisho. "Huyu si mama yangu."

"Sikiliza vizuri, mama."

"Nimesikiliza. Bibi yako siku ile hakulia. Alisimama tu mpaka wakamaliza. Aliletewa maji, hakuyanywa. Mpaka anakufa hakulitaja jambo lile."

Jirani yao, Bi Yasmin, akaja mbio mikono ina unga. "Huyo ni dada yangu!" Mzee Adamo akaja na fimbo yake, akasikiliza, akasema ni marehemu mkewe. Ilipofika alasiri ua ulikuwa umejaa, na kila mmoja alikuwa na jina lake la kuipa ile sauti. Hakuna aliyebishana na mwenzake. Walipeana simu, kila mtu akiiweka sikioni kidogo na kumpa wa pili.

Wakaomba ruhusa ya kwenda kusoma Yasini pale pa zamani. Verónica alilifuatilia ombi lao mpaka likakubaliwa, kwa sharti wavae kofia ngumu na fulana za kung'aa. Wakaingia hivyo, wazee kwa vijana, Mzee Adamo kofia imemshuka machoni. Walikuta kokoto zimesawazishwa toka ofisini hadi kwenye uzio. Msikiti hamna, kisima hamna, miti yote imeng'olewa. Wakasoma huku matingatinga yakinguruma, na hakuna aliyeweza kusema, "Wangu alilala hapa."

Mama yake Anli alijitenga. Akasimama peke yake juu ya kokoto, mdomo umefungwa, mikono imeshuka. Walioleta maji wakampa chupa, akaishika bila kuifungua.

"Mama," Anli akamwita.

Anli akamfuata, akamgusa bega. Mama akageuka taratibu, akamtazama kama mgeni anavyomtazama mwenyeji, akauliza mlango wa kutokea uko upande gani.