Barua Laini Kuhusu Unga Uliooza

Mpaka leo nikisikia neno "perhaps" napata kichefuchefu. Si utani. Nimefundisha Kiingereza miaka mingi katika shule ya bweni ya wasichana upande wa Kiomboi, na ni mimi niliyewazoesha watoto yale maneno ya kuzungukazunguka: huenda, inaonekana, inawezekana. Mwanafunzi akiandika kwa Kiingereza kwamba maji ya kisima yana chumvi, namkata maksi. Akiandika kwamba yanaonekana kuwa na chumvi kidogo, namwekea vema kubwa nyekundu. Nilijiona msomi. Upuuzi mtupu!

Mwaka ambao mvua ilikata mapema, wafadhili wa nje walituletea unga wa mahindi. Magunia yakarundikwa stoo, bati likavuja, hakuna aliyejali. Siku moja mpishi, mama mtu mzima asiye na maneno mengi, akaniita. "Mwalimu, njoo uone wanachokula watoto wako."

Akafungua gunia. Khaa! Uvundo ulinipiga usoni nikarudi nyuma. Unga ulikuwa umeganda madonge ya kijani, na ndani yake funza wanene, weupe, wanajinyonganyonga. Kila siku alikuwa akiuchekecha kuwatoa, kisha anasonga ugali kwa kuwa hakuna kingine. Nusu ya bweni walikuwa wanaharisha. Nilitapika pale pale mlangoni.

Wafadhili walikuwa wametuma fomu: chakula kinafaa? Kama hakifai, wangeleta kingine. Kazi ya kuijaza ikawa yangu. Nikaenda kwa mkuu wa shule, mzee wa rika la baba yangu, nikamwamkia, nikamweleza nilichokiona. Alivua miwani.

"Mwanangu, utawaambiaje watu kwamba zawadi yao ina funza? Kwetu ukipewa kitu unapokea, unashukuru, hukikagui mbele ya aliyekupa. Lainisha."

Nikalainisha. Tena kinachonitia kinyaa zaidi ni kwamba nililainisha kwa raha zangu. Nilikaa ofisini nikachagua maneno kama mtu anayechagua vitenge mnadani. Kwenye barua ya kuambatanisha na fomu nikaandika kwamba inaonekana sehemu ndogo ya unga huenda imepata unyevu, na pengine ingefaa kuangaliwa. Mkuu akasoma, akasema, "Hiki sasa ndicho Kiingereza." Nami nikachekelea, mjinga mimi.

Majibu yalikuja baada ya wiki mbili. Waliandika kwamba kwa kuwa hatuna uhakika, tuendelee kuutumia, na tuwajulishe tatizo likithibitika. Siwezi kuwalaumu. Walisoma nilichoandika. Mkuu akaifungia barua kabatini, mimi nikarudi darasani. Jioni nilikula kwangu ugali wa mtama na mlenda, unga wangu mwenyewe, safi. Nikashiba.

Wiki iliyofuata msichana wa kidato cha pili akazidiwa. Alikuwa amekauka midomo, hawezi hata kukaa. Tulimpakia kwenye pikipiki, mimi nimemshikilia kwa nyuma, akinichafua gauni njia nzima hadi hospitali. Siku hiyo hiyo mpishi aliburuta magunia yote hadi shimo la taka na kuyachoma moto. Hakumwomba mtu ruhusa, wala hakuandika barua.

Mama yake yule mtoto alinikuta wodini. Alikuwa ametoka shamba moja kwa moja, khanga imejaa vumbi. Alimtazama mwanawe aliyetundikiwa dripu, amebaki macho tu, kisha akanigeukia.

"Mwalimu, nasikia unga ulikuwa umeoza. Wewe uliuona?"

"Niliuona, mama."

"Ukawaambia walioleta?"

Nilikuwa na nakala ya ile barua yangu kwenye mkoba. Yeye Kiingereza hajui.

"Niliwaandikia," nikasema.

Akanishika mkono, machozi yanamtoka. "Mungu akubariki sana, mwanangu. Angalau wewe ulisema."

Nikaitikia, "Amina."