Boti Niliyomchagulia Baba Yako

Ipo siku moja ninayoikumbuka hata nikiwa nakula, mwanangu, na ukiniona nimesahau tonge mkononi ujue nimerudi huko. Ilikuwa Jumamosi asubuhi, Riruta, hapa Nairobi, nyuma ya yadi moja ya magari mabovu. Nilikuwa nimepiga magoti kwenye mavumbi na oili, drili mkononi, mbele ya boti ya faiba ya futi kumi na nane. Nitakuambia nilichokiona pale, lakini niache nianzie mbali kidogo. Jambo hili limenikaa kifuani miaka yote ya umri wako na halitoki kwa haraka.

Jana ulinitumia picha kwa simu. "Baba Mkubwa, niaje. Nimepata boti ya faiba, iko fiti. Mwenyewe anauza haraka juu ya safari. Kuja uicheki, wewe ndio fundi." Nilizitazama zile picha mpaka simu ikazima. Rangi ya bluu, mstari mweupe ubavuni, inang'aa kama sahani ya wageni. Unataka kuipeleka Pwani, ukavue kule alikovua baba yako, na unaniomba nisimwambie mama yako. Basi soma haya mpaka mwisho kabla hujampigia huyo mwenye boti.

Wakati ule nilikuwa kijana wa miaka thelathini na mdomo wangu ulikuwa mkubwa kuliko kazi yangu. Nilikuwa nimepanga chumba Mashimoni, na kibanda changu cha kazi kilikuwa Kawangware. Nilitengeneza bampa za magari, zile za faiba, plastiki ngumu ya nyuzi za kioo. Bampa ikipasuka, unabandika kitambaa cha faiba, unamwaga rezini, ile gundi inayoganda, unasawazisha kwa puti ya kuzibia, unapiga msasa, unapaka rangi. Mteja akija anajiona uso wake pale. Sitakudanganya, kazi yetu ilikuwa kazi ya macho. Bampa haibebi mtu. Ikipasuka tena mwezi ujao hakuna anayekufa, mteja anarudi tu na matusi yake na wewe unabandika tena. Nilikaa katika kazi hiyo hadi nikadhani kila faiba duniani ni bampa.

Baba yako Wandera, mdogo wangu wa tumbo moja, alikuwa Pwani, upande wa Msambweni, akivua katika vyombo vya watu. Sisi ni watu wa ziwani, tumelelewa na samaki, na hilo nalo lilitufanya tudhani maji yote tunayajua. Alikuwa amechoka na mashua za mbao zinazotaka kuzibwa nyufa kila mara. Alitaka boti yake mwenyewe, ndogo, ya faiba, ya watu wawili na injini moja nyuma. Aliweka akiba mpaka akakonda. Nilipompigia simu kwamba nimeona moja Riruta, imeletwa kutoka ziwani, alifurahi sana, lakini hakuwa mjinga.

"Ngoja nikuje niione mwenyewe, brathe," akasema.

"Uje ufanye nini? Mimi nashika faiba kila siku. Wewe shika samaki."

Alicheka. "Chini isiwe bapa sana. Huku mawimbi si kama ya kwetu. Na ule ubao wa nyuma wa kufungia injini, huo uangalie vizuri."

"Niachie mimi," nikamwambia.

Akaniachia. Mimi ndiye niliyekuwa mkubwa, na katika nyumba yetu mkubwa akisema aachiwe, anaachiwa. Pesa zake zikaja, nami nikalipa siku hiyo hiyo, maana yule muuzaji aliniita fundi mara tatu katika dakika tano, na kichwa changu kikavimba.

Baada ya kulipa ndipo nilipokwenda kumringia Mzee Odero. Huyu alikuwa amejenga mashua ziwani tangu ujana wake, kisha akawafuata watoto wake Nairobi, na sasa alikuwa anatengeneza vitanda na milango pale Silanga, karibu na bwawa. Nilitaka anisifu. Aliweka randa chini, akapangusa vumbi la mbao mikononi, akaniuliza neno moja.

"Umeitoboa?"

"Nitoboe boti nzima kwa nini, mzee?"

"Sikiliza, kijana. Faiba haiozi. Lakini ndani ya ule ukuta wa nyuma wameficha ubao. Maji yakipita kwa tundu la skrubu, ubao unaoza huko ndani na nje kunabaki kunang'aa. Gonga kwa nyundo ndogo, usikie. Halafu chukua drili, toboa tundu dogo pale chini, kwa upande wa ndani. Unga ukitoka mkavu, lipa. Ukitoka mweusi umelowa, hepa."

Sikumwambia kwamba nimeshalipa. Nilisema asante, nikaenda zangu nikinung'unika kwamba wazee wakikosa kazi wanatafuta makosa.

Sasa turudi kwenye ile Jumamosi. Maneno ya mzee yalikuwa yameninyima usingizi, nikaenda yadi na nyundo na drili. Niligonga ubavuni, ikajibu kwa sauti kavu. Niligonga nyuma, ikajibu kama mtu aliyefunikwa blanketi. Nikapiga magoti, nikatoboa. Unga ukatoka mweusi, umelowa, kama majani ya chai yaliyokwisha kuchujwa, na harufu yake ilikuwa ya uyoga.

Yule muuzaji alikuwa ananawa mikono pale bombani. "Kuna shida, fundi?"

Mwanangu, hapo ndipo maisha ya baba yako yalipokuwa. Yalikuwa mdomoni mwangu, na nilichotakiwa kufanya ni kusema ndiyo. Lori lilikuwa limeshapangwa la Jumatatu. Watu wa Mashimoni walikuwa wamesikia kwamba ndugu yangu anapata boti na mimi ndiye niliyeichagua. Ningesema ndiyo, ningelazimika kumpigia Wandera na kumwambia nililipa bila kuangalia, na muuzaji angenicheka. Nikatazama lile tundu, nikamtazama yule mtu.

"Hakuna," nikasema.

Nililiziba kwa puti. Nikabandika matabaka mawili ya kitambaa na rezini juu yake, nikapiga msasa, nikapaka rangi nyeupe hadi ikawa nzuri kuliko mpya. Nilijiambia itasimama mwaka mmoja, Wandera atapata pesa, atabadilisha. Hayo ni mawazo ya fundi wa bampa. Na kwa kuwa maovu hayatembei peke yao, hata ile chini ilikuwa bapa, nami nikajua, nikanyamaza.

Ilisimama miezi minne. Katika miezi hiyo alinipigia kila Jumapili kunishukuru, nami nikazipokea zile shukrani kama mtu aliyezifanyia kazi. Hata nilianza kusahau. Kisha siku moja saa sita mchana walikuwa wanarudi, wakipita kwenye mlango wa mwamba, ule mwanya wa kuingilia kutoka bahari kuu, yeye na mwenzake Salim. Wimbi likaiinua boti na kuibamiza chini, na injini ikang'oka pamoja na kipande cha ukuta wa nyuma. Bahari ikaingia kwa nyuma kama inaingia nyumbani kwake. Salim alishika sanduku la samaki, akaokoka. Baba yako ndiye aliyekuwa ameshika mkono wa injini. Alipatikana siku ya tatu. Wewe ulikuwa tumboni, miezi saba.

Salim alisafiri na jeneza mpaka Nairobi, kabla hatujampeleka baba yako nyumbani kumzika. Matanga yalikuwa Mashimoni, uani kwetu, watu wamejaa mpaka kwenye mifereji, na mama yako ameinama kwenye mkeka. Salim akatoa ndani ya gunia kipande kingine cha ukuta ule, kilichosukumwa ufuoni, akakiweka mezani karibu na kikapu cha mchango. Kilikuwa kimeoza ndani mpaka unakichimba kwa kidole. Na pale chini, mwanangu, kitambaa kilipobanduka, niliona duara dogo jeupe la puti yangu. Lilikuwa limeshika vizuri. Kitu pekee kilichobaki kizima kwenye boti ile kilikuwa uongo wangu.

Mzee Odero alikigeuza kile kipande mkononi. Akaweka ukucha juu ya lile duara.

"Hapa palitobolewa," akasema. "Ni wewe?"

Watu wote walikuwa wananitazama. Mama yako aliinua kichwa.

"Hapana, mzee. Nilikuta hivyo. Ni yule muuzaji."

Nadhani alijua. "Basi wewe ni mjinga tu," akasema. "Mjinga tunamsamehe." Akakirudisha kile kipande ndani ya gunia, na tangu siku ile mpaka alipokufa hakunisalimia.

Nikakubali kuitwa mjinga mbele ya watu wote, mimi niliyeogopa kuchekwa na muuzaji mmoja. Na umekua ukimlaani yule mtu wa Riruta. Mama yako mpaka leo hapiti njia ile. Labda yule mtu alijua, labda hakujua, hilo sitalijua kamwe. Mimi nilijua. Nimekulipia shule, nimekununulia viatu, umeniita Baba Mkubwa kwa heshima, na kila mara nilipokupa kitu nilijiona mwizi anayerudisha kidogo kidogo.

Kwa hiyo sitakuja kuicheki boti yako. Usimwite mtu anayekupenda akuchagulie, kwa sababu ataogopa kukuvunja moyo, wala usimwite anayependa kuitwa fundi. Tafuta mvuvi wa Pwani asiyekujua, umlipe chai yake, akuambie ukweli. Nenda kabla hujatoa pesa na kabla hujawaambia rafiki zako. Mtu anayeuza haraka mwache aende haraka. Inama uangalie chini, kama ni bapa iache kwa watu wa ziwani. Angalia skrubu, kama zimeshika kutu juu ujue ndani ni mbaya zaidi. Rangi mpya ikutie wasiwasi, hasa ikiwa nyuma peke yake. Gonga, sikiliza, toboa. Mwenye boti akikataa usitoboe, amekujibu.

Na mwambie mama yako unakokwenda. La boti ya baba yako nitamwambia mwenyewe, Jumapili baada ya kanisa, usinitangulie. Akinifukuza, ni haki yake. Na wewe ukikaa siku nyingi bila kunipigia, nitaelewa.

Ile drili nimeitunza miaka yote. Sijaitumia tangu ile Jumamosi. Nimeifunga kwenye kitambaa, nimekuachia kwa mama wa kioski cha maji hapa Mashimoni, ili usilazimike kuniona uso ukija kuichukua.

Nenda salama, mwana wa Wandera. Maji yakubebe na yakurudishe kwa mama yako, mikono yako ijae, watoto wako wakuone unazeeka. Na siku mtu atakapokuuliza kama kuna shida, Mungu akupe kinywa cha kusema ipo.