Kaa wa Kombe na Kipini cha Nyanya

Kazi yangu ya kwanza maishani ilikuwa kuwahamisha kaa kwa nguvu, na nasikitika kusema niliiweza. Nilikuwa msichana wa miaka kumi, naishi na nyanya Likoni, miaka ile ya mwisho ya kutawaliwa, Wazungu wakipanga foleni ya magari kungoja feri huku watoto wao wakilia kwa joto. Hapo ndipo ami mmoja alipopata riziki yake. Hakuwa ndugu yetu, lakini kila mtu alimwita ami. Aliwauzia wale watoto kaa wa kombe: yule kaa mwenye mkia laini usio na gamba, ambaye huokota kombe tupu la konokono akaishi humo, na akikua huhamia jingine.

Wateja hawakutaka kombe la kijivu. Walitaka jekundu, la manjano, lenye madoa. Ami aliyapaka makombe rangi iliyobaki ya mashua, ila kaa hawakuipenda hata kidogo. Basi mimi uani kwetu nilimshika kaa, nikawasha kibiriti, nikausogeza moto nyuma ya kombe lake mpaka akimbilie nje, mtupu, na mbele yake asikute nyumba nyingine ila ile nyekundu. Nililipwa peremende, na kwa peremende ningeihamisha Likoni nzima.

Ami alikuwa mwongo mwenye adabu. Akiulizwa kaa hula nini, alijibu kwamba hewa yamtosha. Aliwatia ndani ya mikebe mikavu, ilhali sote tulijua kwamba bila unyevu hawafiki mbali. Mama mmoja wa Kizungu alirudi na mkebe unaonuka. Ami akachungulia ndani, akamwambia kaa amelala, ndio msimu wao. Yule mama akaondoka akinyata asimwamshe. Nilicheka mpaka nikakaa chini. Leo naona haya, lakini siwezi kusema sikucheka.

Siku tatu kabla ya harusi ya binamu yangu, nyanya alikwenda Bofu, kwenye nyumba ya harusi, kusaidia kuchambua mchele, na ami akaniletea kaa mkubwa kama ngumi. Kibiriti hakikumtoa. Nikachukua jiwe, nikalipasua kombe lake. Akatoka mkia umejikunja, lakini lile la rangi halikumwenea. Akazunguka ua mzima akijaribu kuuficha mkia wake: kwenye kifuu, chini ya mbuzi ya nazi, ndani ya kiatu changu. Kwanza niliogopa kukosa peremende. Halafu akaja kujibanza chini ya unyayo wangu mimi, niliyemvunjia, na hapo nikamwonea huruma kwelikweli.

Nyanya alikuwa na kombe kubwa kwenye rafu ya chumbani. Nikachomoa pamba iliyoziba mdomo wake, nikaitupa, nikamwekea kaa. Akalipapasa kwa gando nje na ndani, akajisukuma kinyumenyume akaingia. Nikafurahi sana. Nilikwisha kumchagulia na rangi.

Nyanya aliporudi alisimama mlangoni akitazama ua.

"Mjukuu wangu."

"Abee, nyanya."

"Kombe langu laenda."

Kisha akaniambia kilichokuwamo. Kipini chake cha dhahabu, cha puani, alikificha mle wezi wasikione, kikakaa kwenye mzunguko wa ndani kabisa. Siku za kawaida alitia kijiti cha ufagio kwenye tundu la kipini lisizibe, lakini harusini hakuwahi kwenda bila kipini. Nikamwambia asiwe na wasiwasi, kazi hiyo ni yangu. Nikawasha kibiriti. Kombe likaanza kutetemeka mkononi mwangu.

Nyanya akauliza kama hivi ndivyo nilivyowafanya wote. Nikasema ndiyo. Akaupuliza moto ukazimika, akachukua kibiriti akakifunga kwenye pindo la leso yake. Akasema kaa atahama akipenda, na mimi nimtafutie nyumba nzuri kuliko ile.

Siku tatu nilizunguka ufukweni nikiokota makombe. Niliyapanga mbele yake pamoja na beseni la maji ya bahari. Alikuja, akatia gando katika kila moja, akageuka kama mama mkwe aliyeonyeshwa chumba kibovu. Ami alikuja na nyundo kusaidia. Alirudi nayo mbiombio, na maneno ya nyanya nyuma yake siyaandiki.

Siku ya harusi nyanya alivaa vyote vizuri alivyokuwa navyo, na puani kijiti kipya cha ufagio. Wanawake walicheka. Mmoja akamwuliza kama kipini amekila.

"Nimemwazima mgeni," nyanya akasema, akaendelea na pilau yake. Yangu niliisukuma kando.

Asubuhi yake kaa alikuwa amelegea, hatii gando popote tena. Nyanya akamfunika kwa kitambaa kibichi, tukashuka ufukweni. Nikamwomba kwa machozi angoje siku moja tu, huenda kaa akahama.

"Nyumba yake umemvunjia," akasema. "Na hii wataka nimvunjie mimi?"

Akainama, akamweka kwenye mchanga uliolowa. Kaa akatoa miguu akaenda zake na dhahabu yetu, nyanya akasimama kumtazama, kidole chake kikiwa juu ya kile kijiti.