Kikapu Kilichokataliwa Kituoni

Iko siku moja kule Boito, mwanangu, ambayo nikiikumbuka mpaka leo naona haya, na wewe unanijua, mimi si mtu wa kuona haya upesi. Umekuja kuniambia kwamba wiki ijayo unaanza kazi ya kuongoza wageni mlimani, umeniletea sukari na mkate, ukaniomba nikueleze njia za huko juu. Asante kwa sukari. Njia utazijua mwenyewe, miguu yako bado mizima. Keti nikueleze kitu kingine, na hiyo simu iweke mfukoni kwanza.

Nilikuwa na miaka ishirini na mitatu. Wakati huo msichana kuongoza wageni lilikuwa jambo la kuchekesha watu. Kwetu Merigi walimwuliza mama yangu kama nimekosa bwana, hata nazunguka milimani na watu nisiowajua. Mama aliwajibu kwamba mimi angalau nalipwa kwa kutembea, wao wanatembea bure. Mdomo huu wangu sikuuokota njiani.

Safari yenyewe ilikuwa fupi, siku mbili tu. Siku ya kwanza tulianzia Boito, tukapita katikati ya mashamba ya chai mpaka nyumbani kwa mwenyeji wetu, tukala na kulala huko. Asubuhi tulipanda kilima kilicho ukingoni mwa msitu, kisha tukashukia upande wa pili hadi barabara ya kwenda Bomet. Kutembea hakukuwa kazi. Kazi ilikuwa kupata nyumba ya kulaza wageni. Nilibisha hodi boma kwa boma na kila mtu alikuwa na sababu yake: huyu hana kitanda kizuri, yule mume wake hapendi, mwingine anaogopa watu wa Nairobi watacheka choo chake. Aliyekubali alikuwa mmoja, mama mzee mjane aliyeitwa Tapkigen. Sisi Wakipsigis nyanya humwita kogo, kwa hivyo kila mtu alimwita Kogo Tapkigen, nami nikamwita hivyo hivyo ingawa hatukuwa na undugu wowote.

Sasa nikueleze kuhusu Kogo na chai yake, maana hapo ndipo penye jambo lenyewe. Alikuwa na shamba dogo nyuma ya nyumba. Wewe umekulia kwenye chai, unajua kwamba kinachochunwa ni majani mawili na kichipukizi chake. Jani gumu halitakiwi. Ukishachuna unapeleka kituoni, pale lori la kiwanda linapokuja kuchukua chai, unamwaga juu ya gunia mbele ya majirani wote, unachambua, halafu karani anapitisha mkono kabla ya kupima. Akiona majani magumu anakataa kikapu chote, na kila aliye kwenye foleni anaona. Kogo alikuwa katika kamati ya kituo. Ndiye aliyekuwa akipita kwenye magunia ya wengine akiwaambia wachambue vizuri wasiharibie kituo jina. Alikuwa mkali, haki. Lakini hakuna aliyeweza kumjibu, kwa sababu tangu apande chai ile alikuwa hajawahi kurudishiwa kikapu hata mara moja.

Basi nikamletea wageni. Walikuwa wawili, mtu na mke wake, wote watu wa ofisi kutoka Nairobi. Yule mama aliitwa Mama Mutheu. Chai alikuwa anaijua ikiwa kwenye kikombe tu. Tulipofika, Kogo aliwapokea kwa mikono miwili, akawapa maji ya kunawa, akawapa chai nzito ya maziwa, na Mama Mutheu akauliza kama anaweza kujaribu kuchuna. Kogo alifurahi sana. Akachukua kikapu chake mwenyewe, akatupeleka shambani, akawaonyesha polepole kidole na kidole gumba, jani hili ndiyo, hili hapana. Alikuwa ameshachuna tangu asubuhi na kikapu kilikuwa kimepita nusu. Kisha akaniambia kwa Kipsigis, anakwenda kumkamua ng'ombe na kuangalia chakula, mimi nibaki nao niwaonyeshe vizuri.

Nikasema sawa, Kogo. Na nilisema kwa moyo wote, sijui kwa nini nilifanya nilichofanya.

Hapana, najua. Nilitaka wanipende. Walianza kuchuna taratibu kama walivyofundishwa na nikaona yule bwana anachoka, anaangalia saa. Nikaogopa watasema safari yangu haina raha. Basi nikageuza kazi kuwa mashindano. Nikawaambia atakayejaza konzi nyingi ndiye mshindi, nami nikaingia kati, nikachuna kwa mikono yote miwili, kikonyo, jani gumu, lolote lililokuja. Tulicheka mpaka mbavu zikauma. Mama Mutheu aliniuliza mara moja kama yale makubwa yanafaa, nikamwambia asijali, achune tu. Mimi, mtoto wa mkulima wa Bomet, nilisema hivyo.

Lori likasikika likipanda kilima. Kogo akaja mbio akijipangusa mikono, akakibeba kikapu mgongoni, tukamfuata kituoni sote watatu. Wageni walitaka kuona kazi yao ikipimwa.

Kogo alimwaga majani juu ya gunia. Nikayaona. Yake ya asubuhi yalikuwa laini, na katikati yake takataka zetu. Nikangoja aanze kuchambua, lakini wageni walikuwa wamesimama pale pale, Mama Mutheu akitabasamu na kuonyesha konzi alizochuna yeye. Kogo akamtazama, akatazama gunia, akakunja mikono yake na kungoja zamu. Hakugusa hata jani moja.

Karani alikuwa kijana wa pale pale kijijini. Alipitisha mkono mara moja, akasimama, akapitisha tena kama mtu asiyeamini. Akauliza kwa Kipsigis, kwa sauti ya chini, ni nani aliyechuna majani haya. Mimi nilikuwa hatua mbili kutoka kwa Kogo. Nilikuwa na ulimi, nilikuwa na lugha, na wageni hawakuielewa hata kidogo. Nikainamisha kichwa nikatazama viatu vyangu.

Kogo akasema, "Ni mimi."

Karani akamwomba radhi, kisha akakataa kikapu. Nyuma yetu kulikuwa na mama mmoja ambaye mwezi ule ule Kogo alikuwa amemkaripia juu ya majani magumu, na nilimsikia akicheka puani. Kogo alipiga magoti akayazoa majani yote, akayarudisha kikapuni konzi kwa konzi, mbele ya watu aliowaongoza miaka yote ile. Mama Mutheu akaniuliza karani amesema nini. Nikamwambia anasema lori limejaa, yatachukuliwa siku nyingine. Uongo ulinitoka laini kama samli.

Jioni ile Kogo alitupa ugali na mboga za kienyeji, akafungua kibuyu cha mursik, yale maziwa yetu ya mgando yanayotiwa mkaa, na akacheka na wageni vizuri kabisa. Alimfundisha Mama Mutheu kushika kibuyu. Nilikuwa nangoja anigombeze, na hakunigombeza, na hilo lilikuwa baya zaidi.

Asubuhi alitusindikiza mpaka kwenye kijito, pale chai inapoishia na msitu unapoanza. Akawaaga wageni, akawaacha watangulie kuvuka mawe, kisha akanishika mkono. Nikaanza kusema nisamehe, Kogo, sikujua, ningechambua, na maneno mengine ya mtu aliyebanwa. Aliniacha mpaka nikamaliza.

"Majani yatamea," akasema. "Na wale ni wageni wangu. Singechambua kazi ya mgeni akiniangalia, nimwonyeshe kwamba alichonisaidia ni takataka. Waache waende na furaha yao, usiwaambie. Lakini wewe, Chebet, wewe si mgeni. Wewe nilikungoja useme, na hukusema."

Hakupandisha sauti. Akanirekebisha kamba ya mkoba begani, ilikuwa imejikunja, akarudi kwake.

Nilipanda kilima kile nikiwa nalia kimyakimya, nikijifanya napangusa jasho. Huko juu pana mwamba wa kukalia. Ukitazama chini unaona chai yote mpaka macho yanachoka, na nyumba zenye mabati katikati yake. Mama Mutheu alikaa karibu nami akaniambia mama yake alifariki yeye akiwa bado shule ya msingi. Akasema, "Jana ndiyo nimejua vile mtu husikia akimsaidia mama yake kazi." Ilibaki kidogo nimwambie yote. Nikakumbuka niliyoambiwa kijitoni, nikauma ulimi. Furaha ile Kogo alikuwa ameilipia kwa jina lake, sikuwa na ruhusa ya kuivunja ili mimi nipumue.

Wageni waliondoka Bomet jioni hiyo wakinisifu, wakaahidi kuwaambia rafiki zao. Nikaenda nyumbani Merigi nikalala siku mbili bila hamu ya kitu chochote. Mama yangu akanitazama akasema kama nimeua mtu nikaripoti, kama sijaua niamke nikaoshe vyombo. Nikamweleza. Hakunipa pole. Aliniuliza tu siku ya kupeleka chai Boito ni lini.

Ilikuwa kesho yake. Nilifika kwa Kogo kabla ya saa sita, nikamkuta shambani. Hakuuliza nimefuata nini. Aliingia nyumbani akaniletea aproni ya plastiki ya kuzuia umande, akanionyesha mstari wangu, tukachuna mpaka lori likasikika. Nilichuna polepole, majani mawili na kichipukizi, na kila mara alipita nyuma yangu akatazama nilichochuna. Kikapu nilikibeba mimi.

Kituoni foleni ilikuwa ndefu. Yule mama wa kucheka puani alikuwepo. Karani alikuwepo. Kogo alipomwaga majani juu ya gunia na kuchuchumaa kuchambua, nikasimama katikati ya watu nikasema kwa sauti hii yangu ambayo siku ile haikuwa kubwa hata kidogo:

"Kile kikapu mlichokikataa siku ile nilipokuja na wageni, si Kogo aliyekiharibu. Ni mimi. Aliniachia shamba nikachezea majani yake, na mlipouliza nikanyamaza."

Mtu mmoja alikohoa. Kisha mzee aliyekuwa ameketi kwenye jiwe karibu na mizani, akiwa amevaa koti refu na gambuti, akanitazama kutoka juu mpaka chini, akauliza msichana huyu ni wa nani. Nikafungua mdomo nijieleze, kwamba natoka Merigi, kwamba baba yangu ni fulani, kwamba hapa nimepita tu na wageni.

Kogo alinitangulia. Hakuinua kichwa, mikono yake ilikuwa bado inachambua.

"Ni wangu," akasema.

Akajisogeza kidogo, akanipa nafasi kwenye gunia. Nikachuchumaa kando yake tukachambua pamoja. Karani alipofika alipitisha mkono, akapima, akaandika, akaenda kwa mwingine. Yule mama nyuma yetu hakucheka tena. Mzee aliniuliza habari za mvua ya Merigi. Nilijibu nikiwa nimeinamia majani ili wasione macho yangu.

Nilipeleka wageni kwa Kogo miaka mingi baada ya hapo. Hata boma zilizonikatalia zilianza kufungua milango, na nilipouliza kwa nini, waliniambia kwamba walinisikia kituoni. Alipofariki, binti zake waliniweka mstari wa mbele pamoja nao na hakuna aliyeniuliza nafanya nini pale.

Sasa nisikilize, maana chai inapoa na wewe una safari. Siku hizi wageni wanawapa nyota kwenye simu, nanyi mnazihesabu. Zitafute hizo nyota, sikukatazi, lakini usizitafute kwa mgongo wa mtu aliyekufungulia mlango. Mgeni anakuja siku mbili anaondoka. Mwenye nyumba anabaki na majirani wake, kituo chake na jina lake, na wewe ndiye umeingiza watu katikati ya hayo yote. Akikuachia kitu chake, kitunze kama unavyotunzwa na mama yako. Ukiharibu, sema. Sema siku ile ile, mahali pale pale, mbele ya wale wale waliomwona akiaibika. Usisubiri kumwomba radhi pembeni ambapo hakuna anayesikia, kama nilivyotaka kufanya mimi pale kijitoni. Na mgeni usimbebeshe kosa lako. Yeye hakujua, wewe ulijua.

Ni hayo tu. Inamisha kichwa.

Mungu akupe magoti mazima na ulimi usiochelewa. Akutangulie kwenye utelezi na kwenye ukungu. Kila boma utakalokwenda wafurahi kukuona wewe kabla hawajawaona wageni wako. Na siku utakapokosea, mwanangu, maana utakosea, awepo mtu wa kusema mbele ya watu kwamba wewe ni wake.