Alama za Usitupe Ziliendelea Kupanda

Mdogo wangu tulikuwa tumeshamzika, lakini alama zake kwenye mchezo wa dadu ziliendelea kupanda.

Najua unavyoniangalia. Hata mimi ningesema msiba umenichanganya.

Alifanya kazi kwenye duka la kutoa kopi. Tulimwita Usitupe, maana kwake karatasi kwenda jalalani ilikuwa kama kosa la jinai. Jumapili zote tulicheza dadu, na kila mchezo ulikula karatasi ya kuandikia alama.

Siku moja akaja na karatasi moja tu, kaipiga laminesheni. Ndani ya plastiki, kwa mwandiko wake, safu nne: Mama, Mzee yaani Baba, Dada yaani mimi, na Usitupe mwenyewe.

"Mnaandika kwa kalamu ya ubao, mnafuta kwa kitambaa," akasema. "Wa kwanza kufika mia mbili kashinda. Walioshindwa wanafuta. Na ole wake atakayefuta mchezo haujaisha!"

Alilazwa mchezo ukiwa katikati. Hakurudi.

Karatasi ikabaki juu ya kabati, hakuna aliyeigusa. Mpaka siku Mama alipopangusa vumbi, akapiga ukelele.

Safu zetu zilikuwa vilevile. Yake ilikuwa imeongezeka.

"Umeandika wewe?"

"Mama, jamani! Nitaanzaje?"

Nikafuta ile nyongeza. Kesho yake ikarudi, na nyingine chini yake.

Mama akaacha dawa za presha.

"Za nini tena? Akifika mia mbili anakuja kunichukua. Na usimwambie baba yako, atasema nimerukwa na akili."

Sikumwambia. Baba mwenyewe alikuwa wa gazeti na chai tu. Tangu msiba sikuona chozi lake hata moja, na moyoni nilikuwa nimeanza kumchukia.

Safu ikapita mia na themanini. Mama akashindwa kuinuka kitandani.

Siku hiyo sikwenda kazini. Mchana nikajibanza nyuma ya pazia la korido. Nyumba kimya.

Kisha nikasikia kitu kikigonga sebuleni, kwa chini, taratibu.

Nikachungulia.

Alikuwa Baba. Miwani puani, ametandika taulo mezani ili dadu zisipige kelele.

"Mzee!"

Dadu zikamponyoka.

"Nilimwahidi wodini," akasema bila kunitazama. "Aliniambia, 'Mzee, wasifute, mimi naongoza.' Nikamwambia nitamrushia zamu zake mpaka amalize." Akainama kuokota dadu. "Halafu kuna mtu humu ndani anafuta!"

"Ni mimi, Baba. Mama anadhani mwanawe anakuja kumchukua. Ameacha dawa!"

Uso wa Baba ukabadilika. Kabla hajajibu, Mama alikuwa mlangoni, ameshika ukuta.

"Kumbe ni wewe, baba watoto? Ulitaka kuniua na vidadu?"

Akaanza kucheka. Kicheko kikageuka kilio, na Baba, ambaye hakuwahi kulia, akalia naye.

Nikaleta maji na dawa. Mama akameza, akavuta kiti.

"Sogea huko. Mrushie mwanangu."

Baba akarusha, akarusha tena. Usitupe akavuka mia mbili.

Alitushinda sote.

Ukifiwa, mgongee mlango mwenzako wa chumba cha pili. Sisi tulilia kila mtu kwa siri yake chini ya bati moja, nusura tuzike wa pili.

Tukashika kitambaa wote watatu, tukafuta kama alivyotuagiza. Namba zikaondoka zote.

Jina lake limo ndani ya plastiki. Kitambaa hakilifikii.