Urefu wa Mkono wa Pampu

Sebuleni kwangu nimetundika leseni ya uhandisi wa mitambo na hataza moja, ile hati inayosema kuwa uvumbuzi ni wako. Mgeni akizisifu, mimi humkumbuka mtu aliyenicheka mbele ya ngamia wake, nikamshukuru upya.

Ilikuwa miaka ya tisini. Mimi mzaliwa wa Ukambani nilikuwa nikiishi Garissa, nikitengeneza pampu za visima upande wa Dadaab. Bodi ya wahandisi ilikuwa imeninyima leseni mara moja tayari. Michoro yangu ilitiwa sahihi na mwingine mwenye leseni, na sifa zikawa zake. Mimi nina hasira za karibu; jambo hilo lilinichoma. Basi nikabuni pampu yangu ya mkono, nikaapa kuingia nayo kwenye usaili wa pili.

Ilikuwa na mkono mrefu, mwepesi. Niliifunga kwenye kisima nje ya kambi ya Dagahaley, nikasimama kando nikingoja sifa. Mchungaji mmoja wa rika langu, ndevu zake zimepakwa hina, alivuta mpaka birika likajaa. Ngamia wake hawakunywa. Walisimama mbali wakiangaza macho.

“Ngamia wako ni wagonjwa,” nilimwambia.

Alicheka mpaka akashika magoti. “Walaal, ndugu yangu, bambu yako ndiyo gonjwa. Inafunja wimbo. Ngamia bila wimbo hakunywi.”

Nilimjibu kwa ukali kwamba sikusomea kuimba. Hakujisumbua kubishana. Alichukua ndoo yake ya ngozi, akaenda kisima cha zamani kilichokuwa jirani, akaanza kuvuta huku akiimba. Mvuto mfupi, neno. Mvuto mfupi, neno. Ngamia wakaja mmoja mmoja, wakainamisha shingo. Mkono mrefu wa pampu yangu ulikuwa ukila muda wa mivuto yake miwili, na wimbo ukakosa pa kuingia. Niliona haya kwelikweli.

Nilishinda naye siku tatu nikipima mivuto kwa saa yangu. Alinifundisha wimbo, akinikosoa kama mwalimu wa madrasa. Nikaufupisha mkono, nikapunguza na upana wa pistoni ili usiwe mzito. Siku ya nne tuliimba wote wawili, mimi vibaya sana, na ngamia wakanywa hivyo hivyo.

Kwenye usaili, Nairobi, mkuu wa jopo aliuliza, “Urefu huu wa mkono umeutoa kwenye kanuni gani?”

Hesabu za kumridhisha ningeweza kuzitunga papo hapo. Badala yake nilishika mgongo wa kiti, nikavuta, nikaimba kwa Kisomali changu cha kuungaunga. Kisha nikaona kidole cha mkuu huyo kikigonga meza, mvuto kwa mvuto.

Leseni ilitoka, hataza ikafuata. Nilizibeba zote mbili hadi kisimani nikamwonyesha mwalimu wangu, ambaye hakujua kusoma. Alizigeuzageuza.

“Jina yangu iko wabi?”

Kwenye fomu nilijiandika mimi peke yangu, na wala sikuwa nimefikiria vingine. Nilichukua kidole chake, nikakiweka kwenye hataza, penye mstari wa urefu wa mkono wa pampu.

“Uko hapa,” nikasema.

Aliikazia macho ile tarakimu.

“Basi soma,” akasema.

Nikaimba.